Bi. Siti binti Saad na Sauti za Kusingiziwa

Marehemu Bi. Siti binti Saad aliiaga dunia tarehe 8 Julai, 1950, na hata hivyo haupiti mwaka pasipo kutolewa wimbo mpya kwa jina lake. Nyimbo hizo nazisikia hapa hapa Mombasa, nyakati za jioni, katika matembezi ya Mama Ngina, pale watu wanapopunga upepo chini ya mibuyu na kutazama meli zikiingia mlango wa Kilindini. Huku muhogo unakaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, kule madafu yanafunuliwa, na katikati yake kijana ana kispika chake kinacholia kutoka kwenye simu. Umuulizapo ni nani huyo aimbaye, hukujibu pasi na kusita kwamba ni Siti binti Saad wa Unguja. Lakini ukitega sikio utasikia kinanda cha umeme, gitaa la besi na ngoma zilizopangwa kwa mtambo. Sasa mtu aliyezikwa mwaka 1950 aliimba vipi na vyombo ambavyo havikuwako pwani hii hata siku moja ya uhai wake?

Wapo watakaosema kwamba wimbo ni wimbo tu, na masikio yakiburudika yatosha. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu imo katika maisha yenyewe ya bibi huyu. Hukumu ya ala na nyimbo nawaachia masheikh wetu, maana hiyo ni bahari yao. Ninayoyanena hapa ni ya amana. Kumbandika maiti maneno asiyoyasema na sauti asiyoitoa ni kumshuhudia uongo mtu asiyeweza kujitetea. Na kwa Bi. Siti jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa jina lake hakulirithi. Alilichuma.

MTOTO WA FUMBA

Bi. Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Asili yao wote wawili ni bara. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Zama zile utumwa ulikuwa bado ni sheria ya nchi, haukupigwa marufuku Unguja hadi mwaka 1897, na jina kama hilo lilimtangulia mtu kila mlango aliobisha.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Mtoto akajifunza kazi ile, na alipopata nguvu za kubeba akawa ndiye mwenye kupeleka vyungu mjini kuuza. Inasimuliwa kwamba watu waliizoea sauti yake kabla ya kuijua sura yake, kwa namna alivyokuwa akiinadi biashara yake njiani. Hakusoma shule wala hakuwa na ukoo wa kumkingia kifua. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja kutafuta riziki. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpiga udi, ambaye aliitambua sauti ile na kumfunza namna ya kuimba pamoja na ala.

Tukumbuke hali ya taarabu ilivyokuwa wakati huo. Muziki huu ulianza kama jambo la jumba la mfalme. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza, na aliporudi akawafunza wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Mwananchi wa kawaida alisimama nje akasikia mlio bila ya kujua maana.

Katika mazingira hayo akatokea mwanamke, mweusi, mtoto wa mfinyanzi, akaimba kwa Kiswahili. Aliweza pia kuimba Kiarabu na Kihindi, lakini Kiswahili ndicho kilichomtoa. Mabwana waliomwalika majumbani mwao wakaona haya kumwita Mtumwa, akaitwa Siti, maana yake bibi mheshimiwa. Hivyo ndivyo mtu aliyeanza kwa jina la chini kabisa alivyofikia kuitwa kwa jina la heshima, na aliyempandisha daraja hilo ni sauti yake peke yake.

Nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa pili wa mji ambako waliishi mafundi, wachukuzi, wavuvi na watu waliokuwa wameachwa huru karibuni, palikuwa baraza la kila usiku. Yeye na wenzake walikutana wakapokea habari za mji: nani kadhulumiwa, nani kahukumiwa, hakimu gani kapendelea. Habari hizo zikageuzwa nyimbo. Mfano ulio mashuhuri ni Kijiti, wimbo unaosimulia mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuzuru Unguja akauawa, muuaji akakimbilia bara, na lawama zikawaangukia wanawake wenziwe waliofuatana naye. Kwa watu wasiokuwa na gazeti la lugha yao wala wakili, nyimbo kama hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu ya shauri.

Mwenye kupanda hakosi wa kumvuta miguu. Walitokea mahasidi wakamtungia wimbo wa kumdhihaki kwa kutoka kwake shamba, kwa umasikini wake na hata kwa sura aliyoumbwa nayo. Hakwenda kuwatukana. Aliwajibu kwa wimbo, hoja yake ikiwa kwamba kasoro ya mwanadamu haiko usoni wala katika nasaba, iko kichwani. Wimbo wa wale mahasidi wangapi wanaujua leo? Jibu lake ndilo lililobaki.

SAFARI YA BOMBAY

Mwezi wa Machi, 1928, Bi. Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kwenda kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Waliofuatana naye ni Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Budda Swedi na Mbaruku Effandi Talsam, ambaye jina lake lilivuma Mombasa kama lilivyovuma Unguja. Katika Afrika ya Mashariki hakuna mwanamke aliyetangulia kutiwa sauti yake katika sahani kabla yake.

Hapa nataka msomaji aielewe kazi yenyewe jinsi ilivyofanywa, maana ndiyo ufunguo wa kupambanua sahani ya kweli na ya uongo. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alipaaza sauti ndani ya pembe kubwa, na mtikiso wake ndio uliochora mfuo katika nta. Kuanzia 1925 ilianza kutumika maikrofoni na umeme, kwa hiyo Bi. Siti alibahatika kufika baada ya mapinduzi hayo. Ndiyo sababu sauti yake, pamoja na kuchakaa kwa sahani, bado inasikika na pumzi zake.

Lakini sahani zenyewe zilikuwa na mipaka. Zilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja ulichukua muda wa kama dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungeweza kuendelea hadi watu watosheke, ukijibiwa na kurudiwa, ilibidi ukatwe au ugawanywe pande mbili. Sindano ilikuwa ya chuma, nayo kila ikipita ilikula kidogo katika mfuo. Sahani iliyopendwa ndiyo iliyokufa mapema. Sahani ambayo haikupigwa sana ndiyo iliyosalia nzima, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa mtu atafutaye nyimbo zilizopendwa zaidi.

Biashara ilipofana, kundi lilirudi tena Bombay kurekodi, na kampuni nyingine za Ulaya, miongoni mwao Odeon na Columbia, zikatuma mafundi wao pwani kutafuta waimbaji. Kwa ghafula Waswahili wakawa na sahani nyingi za lugha yao. Sahani hizo zilifika Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, zikaingia majumbani na mikahawani. Na katika wingi huo ndimo ilimoanzia fujo ninayoizungumzia.

Wenzake Bi. Siti hawakwenda Bombay kumpigia ala tu. Maalim Shaaban aliimba kwa sauti yake. Mbaruku, Subeti na Budda nao waliimba. Sahani zao zilitoka katika safari zile zile, kampuni ile ile, nembo ile ile ya mbwa. Kisha karatasi ya katikati ya sahani ikabanduka kwa jasho na unyevu wa pwani, likabaki duara jeusi lisilo na jina. Mwenye nyumba akifa, warithi huulizana sahani hii ni ya nani. Jina la kwanza linalokuja ulimini ni Siti. Basi mzee wa watu Maalim Shaaban, aliyevuka bahari kwa kazi yake mwenyewe, anageuzwa kuwa mpigaji wa mtu katika sahani aliyoiimba yeye.

Na kuna deni jingine. Nyimbo nyingi za kundi lile zilitungwa kwa ushirika. Mmoja alileta kisa, mwingine akatia vina, wa tatu akatafuta mahadhi. Bi. Siti ndiye aliyezipa uhai, lakini hakuwa peke yake chini ya taa ile. Anayesema kila neno ni lake anadhani anamtukuza, kumbe anawafuta watu aliokula nao sahani moja.

KANDA ISIYO NA BABA

Sahani zilipoanza kuadimika ilikuja tepu, na baada yake kanda za kaseti. Katika miaka ya 1970 na 1980 hapakuwa na mtaa wa Mji wa Kale usio na mtu mwenye mashine mbili za kunakili. Ulipeleka kanda tupu, ukarudi na nyimbo. Kanda ile ikanakiliwa kwa jirani, ya jirani ikapelekwa Malindi, ya Malindi ikasafiri na baharia hadi Muskat. Kila nakala ilipoteza kidogo ya sauti na kidogo ya ukweli. Mimi mwenyewe nimeshika kanda iliyoandikwa kwa kalamu neno moja tu, Siti, na ndani yake mlikuwa na waimbaji watatu tofauti, mmoja wao mwanamume.

Mashine nazo zina uongo wao. Kanda inayopigwa kwa mashine iendayo mbio kuliko kawaida huinua sauti, mtu mzima akasikika kama kijana. Ikienda pole, sauti ya mwanamke huzama ikafanana na ya mwanamume. Nimewasikia watu wazima wenye akili zao wakibishana kwamba Bi. Siti alikuwa na sauti mbili, ya ujanani na ya uzeeni, na ushahidi wao wote ni kanda mbili zilizonakiliwa kwa betri zisizokuwa na nguvu sawa.

Baadaye ikaja kompyuta, na baada yake simu. Sasa kunakili hakupunguzi sauti tena, lakini pia hakuna karatasi ya kuandika jina. Faili moja hupita mikononi mwa watu elfu kwa siku moja, na kila mmoja ana uhuru wa kulibatiza atakavyo. Bustani ya Mama Ngina ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, watu walizidi kumiminika pale, na vispika vikaongezeka. Ni jambo jema vijana kupenda nyimbo za kale. Ubaya ni kwamba wanapenda jina kuliko sauti.

Tuyatenge makosa haya kwa haki, maana hayalingani. Lipo kosa la nia njema. Marehemu Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013, aliziimba nyimbo za Bi. Siti kwa miaka mingi na kuzifikisha Ulaya na Marekani, hata mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Aliimba Kijiti, aliimba Muhogo wa Jang'ombe. Mtu akimsikia Bi Kidude, akaambiwa kuwa wimbo ni wa Siti, huchanganya mwenye wimbo na mwenye sauti. Nimeona hata picha ya Bi Kidude imebandikwa jina la Siti binti Saad. Sauti zao hazifanani: ya Bi Kidude ni nzito, ina mikwaruzo na nguvu ya ngoma za unyago, ya Bi. Siti katika sahani za 1928 ni ya juu, nyembamba, inapanda na kushuka kama uzi. Bi Kidude mwenyewe hakuhitaji jina la mtu. Alikuwa nalo lake.

Lipo kosa la biashara. Mwuzaji ana kanda ya mwanamke asiyejulikana, aliyeimba arusini miaka hiyo. Akiiandika kwa jina la mwenyewe haitauzika. Akiandika Siti itatoka siku ile ile. Huyu anajua afanyalo.

Na lipo la tatu, ambalo ni ghushi kamili. Siku hizi mtambo unaweza kuongeza mikwaruzo ya sahani kuukuu juu ya wimbo uliorekodiwa juzi, ukasikika kana kwamba umetoka katika sanduku la bibi. Na si mikwaruzo tu: zimekuja programu ziwezazo kuigiza sauti ya mtu na kumfanya aseme asilolisema. Hatari iliyokuwa ya kanda moja sasa ni ya kiwanda.

SI BI. SITI PEKE YAKE

Ugonjwa huu ni wa zamani, na sisi watu wa pwani tunaujua vizuri. Chukua Abunuwasi. Kwa kweli alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad, zama za Harun Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Kwetu amegeuka kuwa mwenye kila hila na kila kichekesho. Kisa chochote cha mjanja asiyejulikana hupelekwa kwake, naye hawezi kukataa.

Au mchukue mtu wetu, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakuachwa katika kitabu. Yalikusanywa baadaye kutoka vinywani mwa watu, na aliyefanya kazi kubwa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ilichapwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya kufa kwake. Tangu hapo, kila ubeti mzuri wa kale wenye ladha ya Mvita na usio na mwenyewe, husemwa ni wa Muyaka. Waliokuwako kabla yake na baada yake, ambao bila shaka nao walitunga, wamemezwa na kivuli chake.

Hivyo ndivyo umaarufu unavyofanya kazi. Jina kubwa huvuta vitu vya watu wadogo kama mkondo uvutavyo makuti. Anayepoteza ni yule mdogo.

Na hapa Mombasa wadogo hao ni wengi. Mji huu haukungoja nyimbo za Unguja ndipo uanze kuimba. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa mafumbo. Katika arusi za Kuze, Kibokoni na Majengo walikuwako waimbaji ambao sauti zao zilinaswa kwenye kanda na majina yao yakaachwa nje. Kila mara mmoja wao anapoitwa Siti binti Saad, Mombasa inapoteza mtu, na Unguja haipati kitu, kwa sababu Bi. Siti hakuwa na upungufu wa kujaziwa.

NAMNA YA KUPAMBANUA

Nitaeleza njia chache ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzitumia.

Kwanza, sikiliza ala. Katika sahani zile utasikia udi, fidla na vyombo vya kugonga vya mkono. Ukisikia kinanda cha umeme au gitaa la umeme, usihangaike zaidi. Huyo si yeye, ingawa huenda wimbo ukawa wake.

Pili, tazama muda. Upande wa sahani ulichukua dakika kama tatu. Wimbo wa dakika kumi mfululizo, usiokatika pa kugeuza sahani, haukutoka katika sahani ya 1928.

Tatu, ikiwa sahani yenyewe ipo, itazame pale katikati, pembeni mwa karatasi. Kuna namba iliyochongwa katika sahani yenyewe tangu kiwandani. Karatasi ikibanduka, namba inabaki. Kwa namba hiyo, wataalamu wanaweza kutafuta katika orodha za kampuni ni nani aliyeimba na lini. Usikubali mtu akuuzie hadithi wakati namba iko mbele yako.

Nne, na hili ndilo kubwa, uliza imetoka wapi. Wanazuoni wetu wa hadithi walituachia somo ambalo dunia nzima ingefaa kulijifunza: hawakuridhika na maneno kuwa mazuri, waliuliza nani kasikia kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani, na je, waliwahi kukutana. Hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, ni jambo tukufu na wimbo haulinganishwi nalo. Lakini adabu ya kuuliza sanad ni adabu njema hata katika mambo ya dunia. Mtu akikuletea wimbo wa Bi. Siti, muulize: wewe umeupata kwa nani, naye kwa nani, na mwisho wa mnyororo huo ni sahani gani? Akikwambia kwamba kila mtu anajua, jua kwamba hajui.

Tano, usiogope kusema mwimbaji hajulikani. Kanda yenye jina tupu ni heri kuliko yenye jina la uongo, kwa kuwa iliyo tupu bado yaweza kupata mwenyewe. Ile iliyokwisha kubatizwa hakuna aitafutiaye tena.

HASARA YAKE NI NINI

Zipo hasara tatu. Ya kwanza ni ya elimu. Wako watu wanaosoma Kiswahili cha zamani kwa kusikiliza sahani hizo, namna maneno yalivyotamkwa Unguja karibu miaka 100 iliyopita, na mahadhi yalivyokuwa kabla ya kuingia ladha za sinema za Kihindi na vyombo vya umeme. Akipewa kanda ya mwaka 1985 akaambiwa ni ya 1928, atajenga nyumba juu ya mchanga, na wanafunzi wake wataishi ndani yake.

Ya pili ni ya ushahidi. Nimekwisha kusema kwamba nyimbo za baraza lile zilibeba mashauri ya watu waliodhulumiwa. Ukipachika katikati yake nyimbo za kubuni, siku itafika mtu ataulizia habari ya yule mwanamke aliyeuawa, aambiwe hata hiyo huenda ni ya kubuni. Uongo haubaki mahali ulipotiwa. Huutia doa ukweli uliokaa jirani nao.

Ya tatu ni ya heshima. Hapa turudi kwa Bi. Siti mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, naye akamwandikia kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Fikiria uzito wa jambo hilo: mshairi mkubwa kuliko wote wa karne yake katika lugha yetu alikaa mbele ya mwanamke asiyesoma shule, akamsikiliza, akaona maisha yake yanastahili kuandikwa kitabu. Naye Shaaban Robert akafariki mwaka 1962, lakini kitabu kimebaki. Baadaye chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kilipotaka jina la gazeti lake kililiita Sauti ya Siti. Hawakuchagua sura yake wala nasaba yake. Walichagua sauti.

Sauti ndiyo mali pekee aliyozaliwa nayo mtoto yule wa Fumba. Nyumba hakuwa nayo, elimu hakupewa, jina alipewa la kumdhili. Sauti ile ikamnunulia kila kitu, hata hilo jina jipya. Sasa sisi tunaodai kumpenda ndio tunaoichanganya na sauti za wengine, mpaka wajukuu zetu watashindwa kujua ipi ilikuwa yake. Waliomdhihaki zamani walimwambia hakuwa mtu. Tofauti yetu nao itakuwa nini, ikiwa tutamfanya awe watu wote?

Basi ningewaomba wenye sahani kuukuu na kanda za wazee wao wafanye jambo dogo kabla hawajachelewa. Kaa na bibi au babu aliye hai, mpigie kanda hiyo, muulize ni nani aimbaye, arusi ya nani, mtaa gani. Andika jina la mwimbaji, andika na jina la aliyekuhadithia. Wakikumbuka, mtu mmoja atakuwa amerudishiwa haki yake. Wasipokumbuka, andika kwamba hawakukumbuka, uiache hivyo. Wala usione haya ikidhihirika kwamba kanda uliyoithamini kwa kuwa ni ya Siti ni ya mwanamke wa mtaani kwenu. Huenda hiyo ndiyo nakala pekee ya sauti yake iliyobaki duniani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi. Siti binti Saad, na wenzake aliovuka nao bahari, na wale walioimba bila kuandikwa. Kila mmoja wao apewe kilicho chake.